Nani aliyebuni huu mnara wa visahani? Nauliza kama fundi

Randa na Msasa aliandika:

Hamjambo wana jukwaa. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Gikomba upande wa mbao. Kazi yangu ya kila siku ni vitanda, stuli na makabati ya jikoni. Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja wa hesabu kutoka shule ya huku Eastlands aliniletea mchoro kwenye karatasi ya daftari. Ubao mmoja, vijiti vitatu vimesimama, na visahani vinane vyenye tundu katikati, kila kimoja kidogo kuliko kilicho chini yake. Akataka seti kumi na mbili za chama cha hesabu.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Nikatumia vipande vya saipresi vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, nikatoboa tundu za kubana vizuri ili visahani visicheze. Usiku mvua ikanyesha, karakana ikapata unyevu, asubuhi visahani vikawa vimeganda kwenye vijiti kama vimepigwa gundi. Seti ya kwanza nzima nikaitupa kwenye moto wa chai. Sasa kijiti ni milimita 12, tundu ni 15, na kila kisahani napiga msasa hadi kidole kisihisi kitu.

Kabla sijampelekea mtu kitu lazima nijue kinafanya kazi, kwa hiyo tukaanza kuucheza. Sheria alizoniachia mwalimu ni tatu tu: unahamisha kisahani kimoja kwa wakati mmoja, unachukua cha juu pekee, na kikubwa hakikai juu ya kidogo. Unatakiwa kuhamisha mnara wote kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Mwanagenzi wangu, kijana wa miaka 19 aliyeacha shule Kidato cha Pili, aliushika Jumatatu akaumaliza Alhamisi. Alikuwa akipiga mstari wa chaki ukutani kwa kila hatua. Mistari 255. Akarudia mara ya pili, 255 tena. Mimi nilipojaribu nilipata 311 kwa sababu nilipotea njiani.

Kijana ameona kitu ambacho mimi sikukiona: kile kisahani kidogo kabisa husogea hatua moja, kinapumzika hatua moja, kinasogea tena, na kila mara kinazunguka upande ule ule. Ukishika hilo, anasema, mikono inaenda yenyewe.

Binti yangu yuko Gredi ya 8, anasema mchezo huu ulibuniwa na Mfaransa aliyekuwa mwalimu. Mteja mmoja naye akasema hapana, ni wa makuhani wa India, na siku wakiumaliza dunia inakwisha. Naomba anayejua anieleze. Huyo mtu alikuwa nani hasa? Kweli alikuwa mwalimu? Na kwa nini ni 255 kila wakati, hakuna njia ya 254? Nina seti saba zilizo tayari na ningependa kujua ninachokiuza.

Msimbo wa Usiku alijibu:

Fundi, la mwisho naweza kulijibu mimi. Mambo ya huyo mtu waachie wengine.

Angalia kisahani kikubwa kabisa, kile cha chini. Hakiwezi kusogea mpaka vile saba vya juu viwe vimeondoka vyote na kupangwa kwenye kijiti kimoja, kwa sababu kijiti cha pili lazima kiwe tupu kukipokea. Kwa hiyo unahamisha mnara wa saba, halafu unasogeza kikubwa mara moja, halafu unahamisha tena mnara wa saba ukae juu yake. Hakuna namna ya kukwepa. Yaani idadi ya vinane ni mara mbili ya idadi ya saba, ongeza moja. Na ya saba ni mara mbili ya idadi ya sita, ongeza moja. Shuka hivyo hivyo mpaka kisahani kimoja, ambacho kinataka hatua moja. Sasa panda: 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127, 255. Ndiyo maana 254 haipo.

Mimi ni mwandishi wa programu, niko ofisi moja ya Westlands. Chuoni mnara huu ulikuwa zoezi letu la kwanza la kuandika amri inayojiita yenyewe ndani ya yenyewe. Programu nzima haifiki mistari kumi. Lakini miaka yote minne sikuambiwa ulitoka wapi, na nilipomsoma mwanagenzi wako na chaki yake ukutani nimeona haya kwamba sikuwahi kuuliza. Mwambie alichokigundua kuhusu kisahani kidogo ni sahihi kabisa.

Chaki Nyeupe alijibu:

Fundi, asante kwa swali hili. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili katika shule za Eastlands, sasa nimestaafu, niko Buruburu. Huyo unayemuuliza ni mtu ninayempenda kama mtu anavyompenda mwalimu wake wa zamani, ingawa alikufa miaka mingi kabla babu yangu hajazaliwa. Niwie radhi nikirefusha.

Jina lake ni Édouard Lucas. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1842 huko Amiens, mji wa kaskazini mwa Ufaransa. Alisoma École Normale Supérieure ya Paris, kisha akafanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha mji huo, chini ya Le Verrier, yule aliyeonyesha kwa hesabu tupu mahali ilipo sayari ya Neptune kabla haijaonwa kwa darubini. Ufaransa ilipopigana na Prussia mwaka 1870 alikuwa afisa wa mizinga. Vita vikaisha, akaingia darasani, na humo ndimo alimobaki. Alifundisha Moulins, halafu Paris, katika Lycée Saint-Louis na Lycée Charlemagne. Binti yako amesema kweli. Alikuwa mwalimu wa vijana, mtu wa ubao na madaftari ya kusahihisha, na kazi kubwa zote nitakazokutajia alizifanya akiwa mwalimu wa namna hiyo.

Sasa mnara. Ulitokea Paris mwaka 1883, ukiuzwa ndani ya kisanduku, na visahani vyake vilikuwa vinane kama ulivyoagizwa wewe. Juu ya kisanduku mbunifu alitajwa kuwa ni N. Claus de Siam, mandarini, yaani afisa msomi wa serikali huko Asia, wa chuo cha Li-Sou-Stian. Mtu wa Asia ya mbali, watu wakaamini. Fundi, chukua karatasi, mpe binti yako aandike kila herufi ya „N Claus de Siam” kwenye kipande chake, kisha azipange upya. Zitatoka „Lucas d'Amiens”, yaani Lucas wa Amiens, bila herufi kupungua wala kuzidi. Afanye hivyo hivyo na „Li Sou Stian”. Itatoka „Saint Louis”, shule aliyokuwa akifundisha. Mimi nilipozipanga herufi hizo kwa mara ya kwanza, mezani kwangu usiku, nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Hadithi ya makuhani iliandamana na mchezo huo. Mfaransa mwingine, Henri de Parville, ndiye aliyeieneza mwaka 1884: hekalu la Benares huko India, vijiti vya almasi, visahani 64 vya dhahabu, makuhani wakihamisha usiku na mchana, na siku wakimaliza kila kitu kinageuka vumbi. Hekalu hilo ni la kutungwa. Hesabu yake ni ya kweli. Kwa visahani 64 unahitaji hatua 18,446,744,073,709,551,615. Makuhani wakisogeza kimoja kila sekunde bila kukosea wala kulala, watatumia zaidi ya miaka bilioni 584. Mteja wako asiwe na wasiwasi.

Lakini nataka nikueleze jambo ambalo ndilo linalonifanya nimheshimu mtu huyu, na linahusu zile namba alizokuandikia Msimbo: 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127, 255. Kila moja ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kadhaa, kisha ukatoa moja. Baadhi yake ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe: 3, 7, 31, 127. Nyingine hugawanyika: 15 ni tatu mara tano, 63 ni saba mara tisa. Padri mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika mwaka 1644 orodha ya zile alizodhani ni tasa, na ndani yake aliweka mbili kwa kipeo cha 67, yaani mbili 67 zikizidishwa pamoja, toa moja, na mbili kwa kipeo cha 127 toa moja. Alikosea sehemu kadhaa, ila kwa miaka zaidi ya mia mbili hakuna aliyeweza kumkagua kwenye hizo kubwa. Kwa nini? Ya 127 ina tarakimu 39. Hii hapa:

170141183460469231731687303715884105727

Ukitaka kujua kama ni tasa kwa kujaribu kuigawanya kwa hii, kwa ile, kwa ile, maisha yako yatakwisha, na ya wajukuu wako pia.

Lucas mwaka 1876 alithibitisha kwamba ni tasa. Kwa mkono. Ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani hadi mwaka 1951, miaka 75. Na mwaka ule ule wa 1876 alionyesha kwamba ile ya 67 si tasa, Mersenne alikosea, na alionyesha hivyo bila kujua inagawanyika kwa nini. Wagawanyaji wake walikuja kupatikana na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903: ni 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Sasa rudi kwenye ubao wako, Fundi. Ukitengeneza mnara wa visahani 127, idadi ya hatua za kuuhamisha ni ile ile namba ya tarakimu 39. Alihangaika nayo mwaka 1876, na miaka saba baadaye akaweka jamaa zake ndani ya kisanduku cha kuchezea watoto, chini ya jina la mtu wa kubuni. Mchezo na kazi ngumu vilikuwa kitu kimoja kwake. Mwanagenzi wako alipopiga mistari 255 ukutani alikuwa anatembea kwenye njia hiyo hiyo.

Nakuandikia haya pia kwa sababu nina deni. Miaka ya tisini nilikuwa na darasa la Kidato cha Pili lililokuwa likicheza nyuma ya madaftari. Unaweka nukta nyingi kwa safu, kila mtu anachora mstari mmoja kwa zamu, anayefunga mraba anaandika herufi ya jina lake ndani na kucheza tena. Hakuna aliyesoma Kenya asiyeujua mchezo huo. Mimi nilikuwa nazichana karatasi zile. Kijana mmoja nilimtoa nje wiki nzima, na alikuwa kijana ambaye hakuwahi kuonyesha akili kwenye mtihani wowote wangu, ila katika mchezo ule hakuna aliyemshinda. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba sheria za mchezo huo zilichapishwa Paris mwaka 1889, na aliyezichapisha ni Lucas, mwalimu wa hesabu. Aliuita pipopipette, akaeleza kwamba umetoka kwa wanafunzi wa École Polytechnique. Yaani aliona vijana wanacheza, akakaa kutazama, akachukua kalamu. Mimi niliona kitu kile kile nikachana karatasi. Kijana yule sijui yuko wapi leo. Tangu siku nilipojua hilo hadi nilipostaafu sikuchana tena. Nilikuwa napita, nasimama nyuma ya dawati, nauliza: umejuaje kwamba usifunge huo mraba kwanza?

Kufa kwake ni kwa kusikitisha. Mwaka 1891 alikuwa kwenye karamu ya mkutano wa wanasayansi wa Ufaransa huko Marseille. Mhudumu aliangusha vyombo, kipande cha sahani iliyovunjika kikaruka kikamkata shavuni. Jeraha dogo. Likaingia maambukizi ya ngozi, akafa Paris tarehe 3 Oktoba, ana miaka 49. Kitabu chake kikubwa cha nadharia ya namba kilikuwa kimetoka mwaka huo huo, juzuu ya kwanza peke yake. Vitabu vyake vya michezo ya hesabu vilikuwa viwili, viwili vingine vilitolewa baada ya yeye kuzikwa.

Muuza Machungwa alijibu:

Mwalimu, nimesoma yote. Mimi nauza matunda, nanunua soko la Wakulima alfajiri na kuuza kando ya barabara Donholm. Kijana wangu wa chuo aliwahi kuniambia kuna Mfaransa aliyefanya hesabu ya kurundika machungwa, na namba ilikuwa 4900. Je, ni huyu huyu? Nilimwambia hakuna mtu anarundika machungwa 4900, yanaanguka.

Fungu langu la bei ndogo ni matano: manne chini, moja juu. Likizidi kidogo naweka tisa chini, manne katikati, moja juu, jumla kumi na manne. Zaidi ya ngazi nne siwezi, gari likipita kwa kasi yanabingirika hadi kwa mtaro.

Chaki Nyeupe alijibu:

Mama, ni huyu huyu, na umeshaanza hesabu yenyewe bila kuambiwa. Nilikuwa nimeisahau kuitaja, asante.

Nimesema alikuwa afisa wa mizinga. Mizinga ya zamani ilirusha mipira ya chuma, na mipira hiyo ilipangwa kama machungwa yako: mraba chini, mraba mdogo juu yake, hadi mmoja kileleni. Mwaka 1875 Lucas aliwatupia swali wasomaji wa jarida la hesabu: rundo la namna hiyo, ukilibomoa na kuyapanga yote chini kwa bapa, lini yatatimiza mraba kamili bila kubaki wala kupungua?

Jaribu na mafungu yako. Matano hayafanyi mraba. Kumi na manne hayafanyi. Ngazi ya nne ni 30, hapana. Ya tano ni 55, hapana. Endelea mpaka ngazi ya 24: moja, ongeza 4, ongeza 9, ongeza 16, hadi 24 mara 24 ambayo ni 576. Jumla yake ni 4900. Na 4900 ni 70 mara 70. Unayatandaza chini, sabini kwa sabini, yanaisha sawasawa. Lucas alisema ukiacha lile la chungwa moja tupu, rundo hili la ngazi 24 ndilo la pekee, hata ukirundika hadi mbinguni. Hakuweza kulithibitisha lote. Mwingereza G. N. Watson ndiye aliyelithibitisha mwaka 1918. Miaka 43 kwa swali ambalo wewe unalishika kwa mikono kila asubuhi.

Muuza Machungwa alijibu:

Sabini kwa sabini. Leo jioni nitamwonyesha kijana wangu kwamba mama yake ameelewa. Mungu akubariki, Mwalimu.

Msimbo wa Usiku alijibu:

Mwalimu, kuna kitu kimoja kimeninyima usingizi. Unasema alithibitisha namba ya tarakimu 39 ni tasa bila kujaribu kuigawanya, na ile ya 67 akajua si tasa bila kuona wagawanyaji. Alipitia wapi? Naomba kwa mfano mdogo, kama ungeandika ubaoni.

Chaki Nyeupe alijibu:

Ubaoni basi. Nachukua 127, yaani mnara wa visahani saba.

Anza na 3. Kila hatua izidishe namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa 127 na ushike salio peke yake. Tatu mara tatu ni 9, toa 2, ni 7. Saba mara saba ni 49, toa 2, ni 47. Arobaini na saba mara yenyewe ni 2209, toa 2 ni 2207. Ukigawanya kwa 127 inabaki 48. Arobaini na nane mara yenyewe ni 2304, toa 2 ni 2302, salio 16. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, toa 2 ni 254. Na 254 ni 127 mara mbili, salio ni sifuri.

Mfuatano wako ni 3, 7, 47, 48, 16, 0. Ukifika sifuri kwenye nafasi ya sita, yaani saba toa moja, namba ni tasa. Usipoipata hapo, si tasa, ingawa hujui inagawanyika kwa nini. Njia hii ya kuanzia 3 inakubali vipeo tasa ambavyo ukivigawanya kwa nne vinabaki tatu, kama 7, na kama 127. Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha baadaye, mwaka 1930, ikafaa kwa vipeo tasa vyote kuanzia 3 kwa kuanzia 4. Ndiyo maana leo inaitwa kwa majina yao wawili.

Na zile 3, 7, 47 hazikuanguka kutoka angani. Andika 1, 3, kisha kila namba iwe jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47. Ya pili ni 3, ya nne ni 7, ya nane ni 47. Leo zinaitwa namba za Lucas. Ni ndugu wa zile 1, 1, 2, 3, 5, 8 za Leonardo wa Pisa, na jina la Fibonacci ambalo dunia nzima inauitia mfuatano huo, aliyeupa ni Lucas. Alikuwa amezichunguza namba hizi kwa muda mrefu akitaka kujua zipi zinaigawa ipi, na humo ndani akakuta ufunguo wa Mersenne. Kwa kipeo cha 127 kazi ni ile ile, ila unazidisha mara 125 badala ya mara tano, na kila unachozidisha kina tarakimu hadi 39.

Msimbo wa Usiku alijibu:

Nimeiandika sasa hivi, mistari mitano. Nikaweka 127 kwenye kipeo. Hatua 125, sifuri ikatoka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nikaiangalia ile sifuri kwa muda. Halafu nikachukua karatasi nikajaribu hatua moja tu kwa mkono, namba mbili za tarakimu 39, nizidishe na nigawanye. Saa nzima imepita, nimekosea mara mbili, na bado sijamaliza. Yeye alizifanya 125.

Randa na Msasa alijibu:

Mwalimu, Msimbo, Mama, nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu umeme ulipotea huku siku nzima na simu ikazima.

Binti yangu amezipanga herufi mezani, tukakaa familia nzima. Zilipotoka „Lucas d'Amiens” mdogo wake alipiga makofi, na hajui hata kusoma Kifaransa. Mwanagenzi nimemsomea jibu lako lote karakanani, Mwalimu, tukiwa tumezima mashine. Ulipofika pale pa kijana uliyemtoa nje aliniomba nirudie. Hakusema kitu. Baadaye nikamkuta amefuta mistari yake ukutani na kuandika 3, 7, 47, 48, 16, 0, na chini yake ameanza ya visahani vitatu peke yake: 3, halafu 0. Akaniuliza kama ni sawa. Nimemwambia atakuuliza wewe.

Chini ya kila ubao nimeamua kuchoma kwa chuma cha moto jina la Lucas, Amiens na 1842, ili mtoto akiugeuza aone. Seti za shule nazipeleka Ijumaa. Nimewahesabia visahani vinane kama walivyoagiza.

Mwalimu, Jumamosi nafungua saa mbili asubuhi. Ukishuka kwenye matatu ulizia fundi wa vitanda upande wa mbao, watakuleta. Chako nimekitenga, cha mkangazi, si saipresi, na sitaki malipo. Kina visahani saba.

Chaki Nyeupe alijibu:

Nitakuja. Mwambie kijana yuko sawa kwenye visahani vitatu: saba ni tasa, na sifuri imetokea nafasi ya pili, mahali pake. Ajaribu kumi na moja kabla sijafika. Hatua 2047. Aanze na 3 kama kawaida, na asishangae nafasi ya kumi ikikataa kutoa sifuri, kwa sababu 2047 ni 23 mara 89. Nakuja na chaki.